Siku Fundi Alipopanda Mlima

Mjini pale, chini ya hifadhi ya mlima, Fundi alikuwa akitaniwa kwa jambo moja. Mumewe alikuwa ameongoza wageni kwenda kwenye maporomoko ya maji maisha yake yote ya kazi. Alikuwa amepandisha maharusi, wahadhiri, wanafunzi wanaotapika njiani, hata bwana mmoja aliyepanda na paka wake ndani ya mkoba. Lakini mke wake wa ndoa alikuwa hajayaona maporomoko yale hata kwa dawa. Ukimuuliza, Fundi alikutazama na pini zake mdomoni, akazitoa moja moja, akasema, “Maji yanatoka juu yanakwenda chini. Siku yakianza kupanda, niiteni.”

Uongo mtupu. Alitamani mno kuyaona. Ila kila alipopanga kwenda, sare za shule zilikuwa zimerundikana mezani, au mtoto ana homa, au mvua imeharibu njia. Na mumewe naye, siku akipewa mapumziko, hakutaka hata kusikia mlima ukitajwa. “Mwezi ujao,” waliambiana. Miezi ikaja, miezi ikapita, watoto wakakua wakaondoka, na mume akastaafu akiwa na magoti mabovu.

Mume huyo mji mzima ulimwita Taratibu, kwa sababu ndilo neno alilowaimbia wageni kutwa. Taratibu hapa pana utelezi, taratibu na hilo tawi, taratibu mlima hauhami. Alikuwa mtu wa maneno mengi kazini na maneno machache nyumbani, kama walivyo wengi wanaokula kwa ulimi wao. Fundi hakulalamika. Cherehani yake ilikuwa na kelele za kuwatosha wote wawili.

Kisha Taratibu akaanza kusahau. Mwanzoni walicheka, maana nani hasahau funguo? Baadaye akasahau jina la jirani, akasahau amekula, akasahau choo kiko upande gani wa nyumba. Mwisho ikafika zamu ya Fundi. Kwa miezi kadhaa hakumwita chochote. Alikuwa “wewe”, au “huyo”, au mkono tu unaopungwa kumfukuza. Siku moja Fundi alitoka kuanika nguo, na aliporudi akakuta mlango umekomewa kwa ndani. Taratibu alisimama dirishani, macho yamemtoka, akamwambia, “Ondoka hapa. Mke wangu akirudi akukute, utajieleza mwenyewe.”

Majirani ndio waliompigia simu binti yao mkubwa, muuza dawa katika mji wa mbali. Binti alikuja na gari lake dogo, akaingia chumba cha kushonea, akasogeza vitambaa vilivyokatwa, akaketi.

“Mama, nimekuja kumchukua baba.”

“Kwani baba yako mzigo?”

“Mama, hakujui. Amekufungia nje.”

“Wanaume wangapi wanawafungia nje wake zao, na wanawajua vizuri kabisa?” Fundi alikanyaga cherehani kwa hasira. “Ananijua. Imejificha tu mahali. Imejificha, haijapotea.”

Binti alishika tama. Alikuwa ameshapanga kila kitu: chumba cha chini kisicho na ngazi, muuguzi wa kuja mchana, mlango wenye kitasa cha usalama. Na yeye Fundi? Fundi abaki, kwa sababu mbele yake ndipo mzee anapopandwa na wahka. Daktari alisema wazi kwamba anamwogopa. Jambo hilo binti alilisema akitazama sakafu, na Fundi akaacha kushona.

“Basi twende naye mlimani kwanza,” Fundi akasema. “Akili zake zilizobaki ziko huko. Akinijua huko, hata mara moja tu, unamwacha.”

Binti alitaka kukataa. Akamtazama mama yake, mwanamke aliyezeeka ghafla kwenye kiti kile kile, akashindwa. “Akikujua, begi lake nalishusha kwa mikono yangu na sitalitaja tena. Asipokujua, naondoka naye kutoka pale pale langoni. Sawa?”

“Sawa,” Fundi akajibu, kwa haraka ya mtu asiyetaka kujisikia anachokubali.

Asubuhi yake walifika lango la hifadhi ukungu ukiwa bado umelala juu ya miti. Begi la Taratibu lilikuwa kwenye buti. Yeye mwenyewe alikuwa ameketi nyuma, kofia mapajani, akitazama nje kama mtu anayesafirishwa. Lakini gari liliposimama na harufu ya majani mabichi ikaingia dirishani, akafungua mlango mwenyewe na kushuka. Askari wa lango, mwanamke wa makamo ambaye Taratibu ndiye aliyemfundisha njia zote za mlima ule, alimwamkia kwa heshima na kumpa fimbo ya kutembelea. Taratibu aliipokea, akaipima kwa kiganja, akairudisha na kuchagua nyingine. Mgongo ulinyooka. Fundi, ambaye kila shati la mgongo ule alilishona yeye, aliona kwa macho yake kwamba shati la leo limekuwa dogo.

“Haya,” Taratibu akasema kwa sauti ambayo nyumba yao haikuwa imeisikia siku nyingi. “Tunakwenda kwa mwendo wa anayechoka mapema kuliko wote. Hakuna zawadi ya kufika wa kwanza. Nikisimama, mnasimama.”

Binti alimkonyeza mama yake. Fundi hakukonyeza. Alikuwa anaomba kimoyomoyo.

Njia ilianza kwa ngazi za magogo, udongo umeshindiliwa katikati. Miti ilikuwa mikubwa na imevaa majani ya kutambaa hadi shingoni, na maji yalisikika kila upande bila kuonekana. Taratibu alitembea mbele, mkono mmoja ameuacha nyuma wazi, jinsi wafanyavyo viongozi wa wageni ili anayeteleza apate pa kudaka. Alijua kila kitu. Alijua gogo lililooza kabla hajalikanyaga. Mtu aliyesahau choo cha nyumbani kwake alikumbuka mzizi uliojificha chini ya majani.

Kwenye kilima cha kwanza chenye mawe, akageuka, akanyoosha mkono.

“Mama, shika hapa. Pana utelezi.”

Fundi akaganda.

Lazima uelewe walivyoitana watu wale. Tangu binti yao alipozaliwa, Taratibu hakuwahi kumwita mkewe jina lingine. Hakuwa mama fulani, wala mpenzi, wala lile jina alilopewa na wazazi wake ambalo sasa lilibaki kwenye kitambulisho tu. Alikuwa mama, basi. Mama, chumvi iko wapi? Mama, mvua hiyo inakuja. Neno lenyewe lilikuwa ndoa yao nzima, na kwa miezi yote ile lilikuwa limetoweka.

“Umeniitaje?” Fundi akauliza.

“Mama, shika mkono, usiogope. Na wewe dada, mguu wako weka hapa ninapotoa wangu.”

Binti naye akafunika mdomo. Kwa sababu ya wadogo zake, yeye katika nyumba ile aliitwa Dada na kila mtu, baba yake akiwa wa kwanza. Aligeukia mti, akajifanya anafunga kamba ya kiatu, na kamba ile ilimchukua muda mrefu kweli kweli. Aliponyanyuka macho yalikuwa mekundu.

“Mama,” akamnong’oneza Fundi, “nimesikia. Begi nitalishusha.”

“Nilikwambia nini?” Fundi akasema. “Nilikwambia nini mimi?” Na akacheka, akalia, akashika mkono wa mume wake.

Jamani, furaha ya mwanamke yule! Katika maisha yao yote Taratibu hakuwahi kumshika mkono hadharani. Sokoni walitembea mmoja mbele mmoja nyuma kama watu wanaodaiana. Na leo, kizee na kizee, wanapanda mlima wameshikana viganja. Kila penye jiwe, “taratibu, mama.” Kila penye tope, “njoo huku, mama, huko utazama.” Fundi hakuhisi magoti. Angeambiwa apande hadi mawinguni, angepanda na viatu vyake vile vya kuendea msibani.

Akawa anamsimulia. Alimweleza paa la jikoni linavuja tena. Alimweleza kijana wao wa mwisho amepata kazi kwenye karakana, na kwamba yule jirani mwenye jogoo mwendawazimu hatimaye amemchinja. Taratibu alisikiliza kwa adabu kubwa. “Kumbe, mama,” alisema. “Ahaa. Pole sana, mama. Hongera.” Nyumbani alikuwa hamsikilizi hivyo hata siku zake za afya, na Fundi akajiambia kwamba mlima umemrudisha akiwa mtu bora kuliko alivyoondoka.

Walipita jiwe kubwa lililojitokeza katikati ya njia. “Hili,” Taratibu akatangaza, “ni Jiwe la Wifi. Ukipita linakukwaza, usipopita linauliza kwa nini hukupita.” Binti, aliyeusikia utani huo tangu utotoni, aliangua kicheko mpaka akashika mbavu. Mbele kidogo kundi la kima lilivuka juu ya matawi. “Na hao ndio wafanyakazi wetu pekee wanaowahi kazini.” Wakacheka tena, wote watatu. Fundi aliwaza jinsi atakavyosimulia haya kwa wateja. Aliwaza kulitoa begi, kulipeleka chumbani, kurudisha mashati kabatini moja moja.

Mlio ulianza kama mvua ya mbali, ukaongezeka hadi ukawa kifuani. Njia ikakata kona, miti ikafunguka, na maporomoko yakawa mbele yao.

Fundi alikuwa ameyasikia yakielezwa mara nyingi, na bado hakuwa tayari. Maji yalishuka kutoka juu kabisa kama jora la kitambaa cheupe linalofunguliwa mezani bila kufika mwisho. Manyunyu yaliwalowesha nyuso. Alibana mkono wa mumewe na kutazama, na alikuwa, kwa dakika hizo, mwanamke mwenye raha kuliko wote duniani.

Taratibu aliwaongoza hadi kwenye benchi la gogo, kando, mahali ambapo mtu anaweza kusikilizana na mwenzake. Aliwaketisha. Kisha akauachia mkono wa Fundi, akarudi hatua, akasimama mbele yao, kofia kifuani.

“Mama, dada,” akasema, “kwa niaba ya hifadhi yetu, nawashukuru kwa kututembelea. Hapa ndipo mwisho wa njia. Pumzikeni, pigeni picha, ila msivuke kamba ile. Mmetoka mbali?”

Tabasamu la Fundi lilibaki usoni, kwa sababu lilikuwa bado halijapata habari.

“Baba?” binti akasema.

“Taratibu,” Fundi akamkatiza binti, akainuka polepole. “Nitazame. Mimi nani?”

Taratibu alicheka kile kicheko chake cha kazini, cha kumwondolea mgeni aibu. “Mnisamehe, mama. Wageni ni wengi, majina hayakai kichwani. Ndiyo maana mimi kila mtu namwita mama, baba, dada, kaka. Hapo sikosei hata siku moja.”

Maji yaliendelea kushuka. Fundi aliketi tena. Kila “mama” aliyoitwa njiani ilimrudia, ile ya kwenye mawe, ile ya kwenye tope, na kila moja ikamwonyesha sura yake halisi. Alikuwa mgeni. Alishikwa mkono kama wageni wote wanavyoshikwa. Moyo wake ulivunjika pale, mbele ya kitu kizuri kuliko vyote alivyowahi kuviona, na hakuna namna nyingine ya kulisema hilo.

Alikuwa mtu wa kupiga moyo konde, hata hivyo, na alikuwa na swali moja.

“Na mkeo?” akauliza. “Yeye huwa anapanda huku?”

Uso wa mzee ukachangamka. “Mke wangu? Ah, yule mbishi! Yule ni fundi wa nguo, hakuna kama yeye mji mzima. Namwambia twende nikakuonyeshe, ananiambia maji ni maji.” Alitikisa kichwa, akacheka, na safari hii hakikuwa kicheko cha kazi. “Lakini nitamleta. Siku nikipata nafasi nitamleta, nimketishe hapo hapo ulipoketi wewe. Nataka nimwone uso wake tu. Watu wengi nimewaleta hapa, mama, na kila mmoja akiyatazama maji, mimi namfikiria yeye.”

Hakuwahi kumwambia neno kama hilo. Maisha mazima ya chumvi iko wapi na mvua hiyo inakuja, na maneno haya yalikuwepo muda wote, yakipanda mlima na kushuka naye. Fundi aliyasikia akiwa mgeni.

Binti akashindwa kuvumilia. Aliruka kutoka kwenye benchi. “Baba, ndiye huyu! Mkeo huyu hapa! Umeshamleta!”

Taratibu alimtazama binti, akamtazama Fundi kutoka mvi hadi viatu. Aliona haya kwa niaba yao. “Dada, usinitanie hivyo,” akasema kwa upole. “Mke wangu bado kijana.” Kisha wahka ukaanza kumpanda, vidole vikaanza kusokota kofia, macho yakaanza kutafuta njia, na Fundi akauona ule uso wa dirishani ukija.

“Ni utani, kiongozi,” Fundi akasema haraka. “Binti yangu mpenda mzaha. Tusamehe. Tushuke, nimechoka.”

Vidole vikatulia. “Mnashuka bila picha? Haya. Kushuka ndiko kugumu, mama. Shika hapa.”

Akashika. Alishuka mlima wote ameushika mkono ule, na sasa alijua ni wa nani. Taratibu aliwaonya kuhusu Jiwe la Wifi kwa maneno yale yale, na Fundi akacheka mahali pa kucheka, kwa sababu mgeni mwema humchekea kiongozi wake. Nyuma yao binti alilia waziwazi.

Langoni, Taratibu alimrudishia askari fimbo yake na kwenda kusimama kando, akitazama barabara. Binti alimvuta mama yake nyuma ya gari.

“Mama, panda twende nyumbani, sote watatu. Maneno yangu nimeyafuta. Siwezi kumchukua, baada ya yale aliyosema.”

“Utamchukua.”

“Lakini anakupenda, mama! Hukusikia?”

“Nimesikia. Ndiyo maana.” Fundi alifuta uso kwa ncha ya kanga. “Nyumbani kwangu anamsubiri mkewe. Kila mlango ukifunguka anageuka kumtazama, na anayeingia ni mimi. Kila siku namwibia mke wake, kisha namwuliza kama atakunywa chai. Unadhani anamwogopa nani, kama si mimi? Mpeleke asikokuwa na wa kumsubiri.”

“Na wewe?”

“Mimi nitajijua.”

Binti alimkumbatia, na walikaa hivyo mpaka askari wa lango akageuza uso. Kisha binti akajikaza, akaenda kwa baba yake, akasema kwa sauti ya mpita njia, “Kiongozi, naelekea huko kwenu. Nikupe lifti?”

“Utakuwa umenisaidia sana, dada. Mke wangu hapendi nichelewe.”

Akapanda mbele, akafunga mkanda, akaweka kofia mapajani. Alionekana mtu aliyemaliza kazi yake vizuri. Fundi alilisogelea dirisha. Alitaka kumgusa shavu, akaogopa kumtisha, akaushika mlango wa gari badala yake. Alitafuta neno ambalo mgeni anaruhusiwa kumwambia kiongozi wa njia, na akalipata.

“Kiongozi,” akasema, “ukifika, nisalimie mkeo.”

Taratibu alimtazama kwa macho makunjufu, akamwinamishia kichwa.

“Zimefika, mama,” akasema, na gari likaondoka.